Wanawake waliokoma hedhi waulizwe kuhusu maumivu ya tendo la ndoa

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo wanawake wengi wa rika langu tunalibeba kimyakimya, nalo ni maumivu wakati wa tendo la ndoa baada ya hedhi kukoma. Joto la ghafla linalopanda kutoka kifuani hadi usoni, na jasho linalotuamsha usiku tukabadilishe shuka, siku hizi angalau tunaambiana. Ukavu ukeni hautajwi hata baina ya ndugu wa tumbo moja.

Kwa wengi hedhi hukoma kati ya miaka 45 na 55, na huhesabiwa kuwa imekoma ikipita miezi 12 mfululizo bila damu. Homoni ya estrojeni inapopungua, ngozi laini ya ndani ya uke huwa nyembamba, hukauka na huchubuka upesi, haja ndogo humbana mtu mara kwa mara, na wengine huandamwa na maambukizi ya njia ya mkojo. Joto la ghafla kwa kawaida hupungua baada ya miaka kadhaa, lakini ukavu huu usipotibiwa mara nyingi huzidi.

Mimi niliteseka karibu miaka mitatu. Mume wangu alipoingia chumbani nilijifanya nimelala, naye, kwa kuwa sikumwambia lolote, akaamini kwamba nimemchoka. Siku moja nilipokwenda kupima shinikizo la damu niliulizwa habari za chumvi, usingizi na magoti. Nilipojikaza nikasema kwa sauti ya chini kwamba naumia tukikutana, mhudumu alinijibu, macho yakiwa kwenye daftari, kuwa kwa umri wangu mambo hayo yamekwisha. Nilifunga mkoba wangu nikaondoka. Mwaka mzima ulipita kabla daktari mwingine hajaniandikia krimu ya estrojeni ya kupaka ukeni, na ndani ya miezi mitatu nikapata nafuu ambayo nilikuwa nimeshaikatia tamaa.

Krimu ya aina hiyo ina dozi ndogo na kiasi kidogo mno huingia kwenye damu, ingawa aliyewahi kuugua saratani ya matiti ashauriane kwanza na daktari wake. Vipo pia vilainishi vya maji visivyo na homoni. Mafuta ya kawaida yasitumiwe pamoja na kondomu za mpira, kwa sababu huzidhoofisha zikapasuka. Na mwanamke anayeona damu tena, hata tone, baada ya ile miezi 12, asingoje: akapimwe mara moja, maana yaweza kuwa dalili ya saratani ya mji wa mimba.

Ninachowaomba wahudumu wa afya ni swali moja, waliulize wao wenyewe kila wanapomhudumia mwanamke wa umri huu, wala wasisubiri alianzishe yeye: je, unapata ukavu au maumivu wakati wa tendo la ndoa? Nakuomba nawe, Mhariri, ukurasa wa afya umpe nafasi daktari wa magonjwa ya wanawake ajibu maswali ya wasomaji, na barua zao zipokelewe hata zisipokuwa na jina.

Ni mimi msomaji wako,
Mama wa miaka 53