Kabla ya kuuliza "mbinu gani?"

Mombasa

Dada mpendwa,

Salamu nyingi kutoka huku pwani. Sisi tu wazima, joto tu ndilo linalotuonea. Barua yako imefika, nami nimecheka peke yangu nilipofika pale unaposema kidato cha tatu wako wanataja majina ya mbinu za ushairi, tashbihi, istiara na tashihisi, kama wanaoimba, ila ukiwapa shairi wasilolijua wanabaki kukutolea macho. Hao si wako peke yako. Muulize yeyote kwa nini mshairi kafupisha neno, jibu liko tayari mdomoni: "Ametumia inkisari ili kutosheleza mizani," yaani idadi ya silabi. Takriri, kurudiarudia neno, je? "Kusisitiza." Kusisitiza nini, hakuna ajuaye. Na ile miongozo inayouzwa kando ya barabara inawapa orodha hizohizo wazikariri usiku kucha.

Mimi siku hizi istilahi huziweka kando kwanza. Naandika ubaoni mishororo miwili ya Al-Inkishafi, lile shairi la kale:

Madaka ya nyumba ya zisahani
Sasa walaliye wana wa nyuni

Nawaambia kwa ufupi kwamba mtunzi ni Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, na kwamba hapa anautazama mji wa Pate, kule visiwa vya Lamu, baada ya fahari yake kuanguka. Kisha nachora. Watoto wa bara hawajaliona daka, na hata wa huku wengi wamekulia nyumba za matofali. Nachora ukuta wa chokaa wenye vishubaka safu juu ya safu, na ndani yake sahani za kauri zilizovuka bahari kutoka Uchina. Hizo si za kulia wali, nawaambia, hizo ziliwekwa zitazamwe na wageni.

Halafu nauliza swali moja: nikifuta "wana wa nyuni", yaani makinda ya ndege, nikaweka vumbi, tumepoteza nini? Mizani waiache kwanza.

Mara ya mwisho kijana mmoja alisema hatujapoteza kitu, gofu ni gofu. Msichana wa dawati la nyuma, ambaye kwa kawaida humsikii, akamkatiza: vumbi lingesema nyumba imekufa, lakini ndege akitotoa mle maana yake nyumba imepata mwenyeji mwingine, na mwenyeji huyo hana habari kwamba palikuwa na sahani. Mwingine akadakia kuwa kinda kaenea mlemle kwenye kishubaka, kama sahani yenyewe. Dada, hapo ndipo nilipowapa majina. Mnachokiona ni taswira, na hicho kinachowachoma ni kinaya. Sikuhitaji kuwapa maana ya kukariri, walikuwa wameshaieleza wenyewe.

Jihadhari na jambo moja. Wakiona "walaliye", yaani wamelala, watakimbilia kuandika "kuboronga sarufi", kwa kuwa wamefunzwa kwamba chochote kisichofanana na Kiswahili cha kitabuni ni uhuru wa mshairi. Kumbe ni Kiamu safi, ndivyo watu wa Lamu walivyosema na wengine bado wanasema. Sijui ni nani aliyewaambia watoto wetu kwamba lahaja ni kosa lililosamehewa.

Na uwasomee kwa sauti, tena ubeti zaidi ya mmoja. Mishororo mitatu ya kwanza ya kila ubeti huwa na kina kimoja, kisha wa nne unaishia na -ye, na ubeti unaofuata vivyo hivyo, utungo mzima. Kwa macho ni kanuni ya vina tu. Kwa masikio ni mtu anayerudishwa palepale kila akijaribu kuondoka. Wangu waliposikia hivyo waliacha kuniandikia "kuleta urari wa vina", wakanyamaza.

Kwenye kusahihisha, nadai waseme kilichopo kwenye ubeti, kinafanya kazi gani hapo, na jina la mbinu lije mwisho. Anayeanza na jina namrudishia daftari. Wananuna, lakini wanaandika.

Si lazima uanze na utungo huu, huenda Kiamu kikawatisha huko kwenu. Hata wimbo wa kubembeleza mtoto ambao mama zao waliwaimbia utafaa. Chagua ubeti mmoja, unitumie kabla shule hazijafunguliwa, tuangalie pamoja ni neno lipi la kufuta.

Wasalimie watoto na shemeji.

Ni mimi mwalimu mwenzako