Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Mawakala wa Forodha, Mombasa

Ndugu wanachama, wazee wetu mliotutangulia katika kazi hii, na vijana mliojiunga mwaka huu: salaam aleikum, na kwa wenzetu Wakristo, Bwana asifiwe.

Katiba yetu inamtaka mwenyekiti asome taarifa ya mwaka mbele ya mkutano mkuu. Mambo mnayoyajua nitayapitia upesi, ili nipate nafasi ya kusema juu ya kanuni ya shehena za kijeshi, iliyowafanya wengine waninunie tangu mwezi Machi.

Kamati tendaji imekutana kila robo mwaka. Tumeonana na maafisa wa forodha kuhusu mfumo wao wa kompyuta, iCMS, unapokwama na makasha yetu yakalala bandarini tukatozwa gharama. Tumeonana na watu wa bandari kuhusu hilo hilo. Futari ya Ramadhani ilifana. Tumezika wenzetu wawili, Mungu awarehemu, na familia zao zimepata rambirambi kwa wakati. Tumepokea wanachama wapya 11, na ofisi 4 zimefungwa. Mapato ya mwaka ni shilingi 1,284,000, matumizi shilingi 1,197,500, salio shilingi 86,500. Mweka hazina atagawa karatasi za hesabu, na mwenye swali amuulize yeye kwanza.

Sasa ada. Tuko wanachama 146. Waliolipa ada ya mwaka kamili, yaani shilingi 12,000, ni 53. Waliolipa nusunusu ni 31. Wanachama 62 hawajatoa hata senti. Malimbikizo ya mwaka huu pekee yamefika shilingi 930,000. Wapo humu wanaokosoa matumizi ya chama kila asubuhi kwenye kundi la WhatsApp, na nikiangalia daftari la mweka hazina majina yao hayana alama. Mkutano wa Juni ulihitaji watu 49 kufikisha akidi. Wakaja 19, tukanywa chai tukarudi makwetu. Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo. Hapa kwetu imegeuka: asiyekuwapo ndiye mwenye maneno mengi zaidi kuliko waliokuwapo.

Nije kwenye kanuni ya shehena za kijeshi.

Kamati iliipitisha mwezi Machi, nami nikaitia saini. Inasema hivi: mwanachama akipewa mzigo ulio katika sura ya 93 ya vitabu vya ushuru, yaani silaha na risasi, au namba 8710, yaani vifaru, magari ya deraya na vipuri vyake, au 8806, yaani droni, na vilevile mzigo wowote ulioandikwa ni wa jeshi, polisi au usalama, asiingize entri, yaani tamko la mzigo kwa forodha, mpaka awe na nakala ya cheti cha mtumiaji wa mwisho, yaani hati ya serikali inayopokea inayosema mzigo utatumiwa na nani, pamoja na leseni ya nchi iliyouza. Nakala azihifadhi miaka 10. Na kama mzigo unakwenda nchi yenye vikwazo vya silaha vya Umoja wa Mataifa, amjulishe katibu kabla ya kugusa chochote. Ni hayo tu.

Lawama zimekuwa nne. Kwamba kazi yetu ni kutoa mizigo, si upolisi. Kwamba nimefukuza wateja. Kwamba nimekula mfuko wa maafa. Na kwamba natafuta jina.

La upolisi naomba tusome sheria pamoja. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, kifungu cha 147, inasema wakala anayetenda kwa niaba ya mwenye mali atahesabiwa kuwa yeye ndiye mwenye mali. Mteja yuko Juba, au Dubai, au hajulikani aliko, lakini jina lililo kwenye entri ni lako na leseni inayofungiwa ni yako. Silaha na risasi za sura ya 93 zimo kwenye jedwali la bidhaa zenye masharti la sheria hiyo hiyo. Anayesema haimhusu hajasoma kilichompa mkate miaka yote.

Mzigo uliozua ugomvi nauelezea kwa sababu umesimuliwa vibaya. Mwanachama mmoja, ambaye simtaji na yeye mwenyewe hakufanya kosa lolote, aliniletea ofisini karatasi za makasha mawili ya kupita kwenda Juba. Hati ya shehena ilisema "vipuri vya magari". Nikamwomba orodha ya vifurushi. Ukurasa wa kwanza ulikuwa wa vichujio vya mafuta na brekipedi. Ukurasa wa pili, chini kabisa, kwa maandishi madogo: vibamba vya chuma cha deraya, seti 24, na vioo vya kuzuia risasi. Mpokeaji ni kampuni ya biashara isiyo na anwani ya mtaa, namba ya simu ya mkononi basi. Mtu wa kuarifiwa mzigo ukifika yuko nchi nyingine kabisa. Hakuna cheti cha serikali yoyote. Nikamwambia asubiri, aandike barua kwa mteja aombe cheti. Mteja hakujibu barua. Alichukua karatasi zake akaenda kwa wakala mwingine asiye mwanachama wetu, na mwenzetu akakosa malipo yake. Hilo la kukosa malipo linaniuma mimi pia. Lakini kwangu, mteja anayekimbia akiombwa karatasi moja ameshajibu.

Sudan Kusini iko chini ya vikwazo vya silaha tangu tarehe 13 Julai 2018, kwa azimio namba 2428 la Baraza la Usalama. Vikwazo hivyo vimekuwa vikirefushwa kila Mei. Azimio halikutaja bunduki peke yake. Limetaja magari na vifaa vya kijeshi, vifaa vya vikosi vilivyo kama jeshi, na vipuri vya hivyo vyote. Likazitaka nchi jirani hasa kukagua mizigo inayokwenda huko, na sisi ndio jirani wenye bandari. Kuna aliyeandika kwenye kundi kwamba mwaka 2023 Baraza lililegeza, kwamba vifaa visivyoua havihitaji tena taarifa. Ni kweli lililegeza. Lakini lililegeza kwa vifaa visivyoua vinavyotumwa mahususi kusaidia kutekeleza mkataba wa amani. Huenda makasha yale yalikuwa ya kazi hiyo. Kama ndivyo, kuna ugumu gani kuionyesha karatasi inayosema hivyo? Bila cheti, mimi na wewe hatuwezi kujua kama kibamba kile kitafungwa kwenye gari la walinda amani au kwenye gari la wanaochoma vijiji.

Wazee mliopo hapa mnaikumbuka meli ya MV Faina. Ilitekwa na maharamia wa Kisomali tarehe 25 Septemba 2008 ikija hapa hapa Kilindini, na ndani yake vifaru 33 aina ya T-72, mizinga ya kutungulia ndege na risasi. Mji mzima ulikuwa ukiuliza ni vya nani. Serikali ikasema ni vya jeshi letu. Karatasi za mzigo zilikuwa na herufi GOSS, ambazo wengi walizisoma kuwa ni Serikali ya Sudan Kusini, na msemaji wa serikali akaeleza kuwa ni kitengo cha vifaa na usalama. Andrew Mwangura, aliyekuwa akitetea mabaharia, alikamatwa baada ya kusema hadharani vifaru vinakwenda Sudan Kusini. Meli iliachiwa Februari 2009 baada ya kutolewa dola milioni 3.2, ikafunga gati hapa. Mwaka uliofuata zikavuja nyaraka za kibalozi za Marekani zilizoonyesha kwamba safari ya vifaru ilikuwa kweli ya Juba. Vilikuwa vya serikali, vimelindwa na serikali, na bado aibu ile iliuchafua mji wetu dunia nzima. Sasa fikirini mzigo wa namna ile ukibainika chini ya entri ya wakala wa mtaa wetu wa Mikindani asiye na waziri wa kumtetea.

Mwaka huo huo wa 2008, mwezi Aprili, meli ya Kichina iitwayo An Yue Jiang ilifika Durban na tani 77 za silaha za kwenda Zimbabwe, wakati matokeo ya uchaguzi wa kule yamezuiliwa na watu wanapigwa. Kibali cha kupita kilikuwa kimetolewa na kamati ya serikali ya Afrika Kusini. Karatasi zilikuwa safi. Wafanyakazi wa bandari wa chama cha SATAWU wakakataa kuipakua, Askofu Rubin Phillip akaenda mahakamani, na mahakama ikazuia shehena kupitishwa nchini. Meli ikang'oa nanga. Watu wale walikuwa wapagazi na madereva wa kreni, wana ada za chama za kulipa na watoto wa kusomesha kama sisi, na hakuna aliyewaambia wanajifanya polisi. Mimi sikuwaomba wanachama wangu mambo makubwa namna hiyo. Nimeomba nakala ya cheti.

Kuna hoja moja ya maana niliyoletewa, nayo ni kwamba serikali yenyewe haijatubana, kwa nini tujibane. Kenya ilikuwa moja ya nchi saba zilizopeleka Umoja wa Mataifa, mwaka 2006, hoja iliyozaa Mkataba wa Biashara ya Silaha. Tarehe 2 Aprili 2013 mkataba ulipitishwa kwa kura 154 dhidi ya 3, na Kenya ilipiga kura ya ndiyo. Mwezi Juni mlango wa saini ulipofunguliwa, Tanzania, Burundi na Rwanda ziliingia. Sisi tuliozaa wazo hatukuwamo. Inasikitisha, nami nimeliandikia hilo ofisi husika bila kupata jibu. Ila tusijidanganye kwamba hatubanwi. Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004 kuhusu silaha ndogo na nyepesi imebeba jina la mji wetu mkuu, na inazitaka nchi wanachama ziwasimamie madalali wa silaha na njia zinazopitia. Wakala anayepanga usafiri, ghala na karatasi za mzigo wa silaha hayuko mbali na dalali kwa macho ya mwendesha mashtaka. Isitoshe, muuzaji aliye Ulaya anatakiwa na sheria za kwao aonyeshe silaha zinaishia wapi, na mzigo ukipotelea njiani, swali la kwanza ni nani aliutoa Mombasa.

Kuhusu mfuko wa maafa. Nilitoa shilingi 310,000 kumlipa wakili na kukodi ukumbi kwa mafunzo ya siku mbili. Ibara ya 19 ya katiba inamruhusu mwenyekiti kutoa fedha za dharura kwa idhini ya mweka hazina na katibu, na saini zao zote mbili zipo. Mnasema si maafa. Ofisi ikifungiwa leseni, wafanyakazi wanane wakarudi nyumbani, hayo si maafa? Waliohudhuria mafunzo walikuwa 27. Walijifunza kutofautisha cheti halisi na cha kughushi: barua yenye nembo iliyonakiliwa hafifu, afisa aliyetia saini bila cheo, idadi isiyolingana na orodha ya vifurushi, nchi ya mwisho iliyoandikwa tofauti na njia ya mzigo. Kijana mmoja aliyekuwapo alikuja kunishukuru wiki chache baadaye kwa sababu alikwepa mzigo wa droni ulioandikwa vifaa vya kupulizia dawa mashambani. Wasiokuja ndio wanaouliza faida iko wapi.

La jina nitalijibu kwa ufupi. Chama hiki kilikuwa na deni la kodi ya ofisi nilipokichukua, na leo hakina. Barua za kwenda forodha naziandika mimi, mara nyingi usiku, kwa kompyuta yangu. Gazeti liliponipigia kuhusu kanuni hii nilisema sentensi mbili, wakachapisha moja. Angetaka umaarufu mtu asingechagua jambo linalomfanya wenzake wamkwepe msikitini.

Kwa mwaka ujao tunatarajia, Mungu akipenda, kuonana na Mamlaka ya Ushuru tuombe dawati la kuuliza mizigo ya aina hii kabla ya entri, ili tusibaki kubahatisha. Tunatumaini pia kuwatembelea wenzetu wa Dar es Salaam, ambao mizigo ya Kongo inapita mikononi mwao kama ya Juba inavyopita mikononi mwetu. Suala la kiwanja cha ofisi bado lipo, na tutaliangalia hali ya fedha ikiruhusu. Kuhusu mafunzo ya pili, tutaona.

Kuna hoja mezani ya kuifuta kanuni. Itapigiwa kura baada ya chakula, kwa mkono, na kwa mujibu wa ibara ya 7 watakaopiga ni waliolipa ada kamili tu. Mweka hazina yuko mezani karibu na mlango tangu saa tatu, anapokea taslimu na kwa simu, na risiti anatoa hapo hapo. Hoja ikipita, nitaiheshimu kama mwenyekiti. Ofisini kwangu binafsi nitaendelea kuomba cheti.

Nawasilisha.

Mwenyekiti