Kipimajoto kimoja hakimlindi kuruta wala kibarua

Mhariri,

Kila ifikapo Januari na Februari vyombo vya habari hutangaza joto la Dar es Salaam kwa namba moja: nyuzi 32, au 33. Namba hiyo yamtosha anayechagua nguo ya kuvaa. Mkufunzi anayewapeleka kuruta mbio za kilomita kumi, au msimamizi wa vibarua wanaomwaga zege saa saba mchana, haimsaidii kitu, kwa sababu haimwambii kama jasho la watu wake litakauka.

Utafiti wa tiba ya kinga jeshini ulishalijibu swali hili. Katika miaka ya 1950, kuruta wa Marekani katika kambi ya Parris Island, South Carolina, walikuwa wakianguka kwa joto kila kiangazi. Constantin Yaglou na David Minard wakachapisha mwaka 1957 njia ya kupima kwa vipimajoto vitatu, ambayo leo hujulikana kwa herufi WBGT (kwa Kiingereza Wet Bulb Globe Temperature). Kimoja ni cha kawaida, kilichokingwa jua. Cha pili kimevishwa utambi wa pamba unaonyonya maji, kikaachwa wazi kwenye jua na upepo. Cha tatu kimo ndani ya tufe la shaba lenye ukuta mwembamba na kipenyo cha milimita 150, lililopakwa rangi nyeusi isiyong'aa. Namba ya utambi huzidishwa kwa 0.7, ya tufe kwa 0.2, ya hewa kwa 0.1, kisha zote zikajumlishwa.

Tuchukue mchana wa Dar wenye hewa ya nyuzi 32, utambi 28 na tufe 44: jumla ni 31.6. Tuchukue na Dodoma katika kiangazi kikavu, hewa 34, utambi 21, tufe 48: jumla ni 27.7. Ukifuata kipimajoto cha kawaida utasema Dodoma ndiko hatari. Kwa bendera za Jeshi la Marekani, ambazo rangi zake huonyesha kiwango cha hatari kwa WBGT, Dodoma hiyo haijafikia hata kijani (27.8), ilhali Dar imeshaivuka njano (29.4) na kuingia nyekundu, inayoanzia 31.1. Nyeusi huanza 32.2. Kwa jedwali la jeshi hilo la mwaka 2003, kwenye nyekundu kazi ya wastani ilikuwa dakika 30 kwa mapumziko ya dakika 30. Kazi nzito ilikuwa dakika 20 kwa 40. Aliyevaa fulana ya kuzuia risasi kwenye unyevunyevu huongezewa nyuzi 2.8 kabla ya kusoma jedwali.

Vifaa hivi huharibiwa na mambo madogo. Utambi ukilishwa maji ya kisima yenye chumvi hugangamaa, maji hayapandi, na namba inapanda bila sababu. Tumia maji ya mvua au ya betri yasiyo na asidi. Tufe huhitaji dakika 20 hadi 30 kabla ya kusomwa, na wengi husoma baada ya tano. Kosa kubwa zaidi ni kupima kwenye kivuli cha ofisi huku watu wakiwa kwenye lami.

Maji nayo yana mpaka wake. Amri ya zamani ya "kunywa, kunywa" iliwaletea askari wa Marekani upungufu wa sodiamu kwenye damu, na mwongozo ukarekebishwa mwishoni mwa miaka ya 1990: isizidi takriban lita 1.4 kwa saa, wala lita 11 hivi kwa siku. Kuruta aliyekunywa sana, tumbo limejaa, anatapika maji na kuchanganyikiwa huku mwili haujachemka, asiongezewe maji hata kikombe.

Kuzoea joto huchukua siku 10 hadi 14, kwa kazi inayoongezwa kidogo kidogo kila siku. Kijana aliyeshuka jana kutoka Njombe au Mbeya hawi sawa na mwenzake wa Tanga, hata kama ndiye anayemshinda mbio. Aliyetoka kuharisha, mwenye homa, aliyekesha au aliyelewa jana yake, huyo apumzishwe bila mjadala.

Tunalolisisitiza kuliko yote ni kiharusi cha joto, yaani mwili kuchemka hadi akili ikavurugika. Anayeanguka akiwa kazini mara nyingi bado anatoka jasho, kwa hiyo ngozi iliyolowa isimdanganye mtu. Dalili ya kuangalia ni akili: anayumba, anatukana, hajui yuko wapi. Kipimo cha kuaminika ni cha njia ya haja kubwa. Cha kwapani au cha kuelekeza kwenye paji la uso huonyesha chini ya ukweli. Mpoze kwanza, msafirishe baadaye. Mvue nguo, mtumbukize kwenye pipa au turubai lenye maji na barafu, mtu mmoja akishikilia kichwa cha mgonjwa juu ya maji. Maji ya barafu hushusha kama nyuzi moja kila dakika tano. Mtoe joto la mwili wake likishuka hadi nyuzi 39. Pasipo pipa, loweka mashuka kwenye ndoo ya barafu, funika kichwa, shingo, kwapa na mapaja, na uyabadilishe kila dakika tatu, maana shuka lililopata moto halipozi tena. Barafu ya kuhifadhia samaki inafaa kabisa. Panadol haifai hapa, kwani hii si homa. Na kipimo cha malaria kifanyike, lakini mgonjwa akiwa ndani ya barafu.

Si mambo ya majeshi pekee tena. Qatar, wanakofanya kazi Wakenya na Waganda wengi, iliagiza mwaka 2021 kazi za nje zisimame WBGT ikizidi 32.1, saa yoyote ile. Kwa hiyo tunaomba, Mhariri, kuanzia Desemba hadi Machi ukurasa wako wa hali ya hewa uweke WBGT ya miji ya pwani kwa saa nne asubuhi, saa saba mchana na saa kumi jioni, pamoja na rangi ya bendera yake.

Wataalamu wa tiba ya kinga na afya kazini,
Dar es Salaam