Mpwa wangu, waulize kwa Kiswahili

Marahaba, mwanangu. Ujumbe wako umefika, na nimeusoma mara mbili kabla ya kumsomea bibi yako. Umepewa kipindi chako mwenyewe cha runinga: mara moja kwa wiki, saa nzima, wewe na mwanasiasa mmoja. Bibi yako aliinua mikono akakuombea dua ndefu, kisha akauliza jambo moja tu: "Atawauliza kwa lugha gani?"

Nikarudi kwenye ujumbe. Mwisho kabisa umeandika kwamba wakuu wako wanataka kiwe cha Kiingereza, maana ndivyo wanavyopenda wenye matangazo ya biashara, na wewe hujawajibu. Ndiyo sababu nakuandikia. Naandika hadharani kwa kuwa wako wenzako katika vyumba vya habari vya Nairobi ambao jambo hili linawahusu kama linavyokuhusu wewe.

Jumapili ya tarehe 30 Juni 2024 wewe ulikuwa kazini. Sisi tulikuwa sebuleni hapa Malindi, bibi yako ameketi na uteo wa mchele mapajani, mimi ubavuni mwake. Siku nne nyuma Rais Ruto alikuwa amekataa kutia saini Mswada wa Fedha, baada ya vijana walioandamana kuupinga kuingia Bunge tarehe 25. Sasa alikuwa Ikulu mbele ya wanahabari watatu, Linus Kaikai, Joe Ageyo na Eric Latiff. Watu hao wanaijua kazi yao na siwanyimi haki yao. Lakini mazungumzo yalikwenda kwa Kiingereza, kwa hiyo nikafanya nyumbani nilichokifanya mahakamani kwa miaka 26: nikamfasiria bibi yako sikioni, sentensi kwa sentensi.

Ikafika habari ya kupunguza gharama. Nikamwambia, "Serikali itabana matumizi." Mkono wake ukasimama juu ya mchele. "Matumizi ya nani?"

Sikuweza kumjibu. Maneno yalikuwa yameshasonga mbele na mimi nimeachwa nyuma, natafuta Kiswahili cha sentensi mbili zilizopita. Halafu Rais akataja idadi ya waliokufa katika maandamano: watu 19. Nikafasiri. Kesho yake Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ikatoa hesabu yake, watu 39, na bibi yako akaisikia kwa Kiswahili redioni. Alinigeukia akaniuliza kama jana nilisikia vibaya. Mama yangu mzazi alidhani ni mimi niliyekosea kufasiri.

Hilo limenikaa moyoni mpaka leo. Kura amepiga tangu enzi za Mzee Kenyatta, wala hajakosa foleni hata mara moja. Mkuu wa nchi anapohojiwa juu ya roho za watu, yeye anahitaji mkalimani ndani ya nyumba yake. Katiba ya 2010, kifungu cha 7, inasema Kiswahili ndiyo lugha ya taifa, tena ni lugha rasmi sambamba na Kiingereza. Lakini tazama runinga zetu: taarifa ya saa moja ni ya Kiswahili, ya saa tatu ni ya Kiingereza, na wakubwa wakitaka kusema jambo zito husubiri saa tatu. Mdahalo wa kwanza wa wagombea urais, Februari 2013, watu wanane jukwaani, ulikuwa wa Kiingereza. Wagombea hao hao wakija kuomba kura Kilifi au Kwale hawatuletei Kiingereza. Ahadi wanazitoa kwa Kiswahili. Basi na hesabu waitoe kwa Kiswahili.

Watakwambia lugha haina maneno ya uchumi. Usikubali. Dodoma bajeti nzima ya nchi husomwa kwa Kiswahili kila Juni, na kwenye ITV ya Dar es Salaam kipindi cha Dakika 45 kimewaketisha mawaziri na wapinzani wakaeleza mambo yao kwa lugha hiyo hiyo. Deni la taifa, riba, nakisi, ruzuku, dhamana za serikali: maneno yapo, yanangoja kutumiwa tu.

Lakini usidhani Kiswahili peke yake kitakufanyia kazi. Kina maficho yake, na hapa ndipo mjomba wako ana kitu cha kukupa, maana nimesimama kando ya kizimba nikiyaona yakitumika.

La kwanza ni swali la kukana. Wakili anauliza, "Hukupokea pesa hizo?" Shahidi anajibu, "Ndiyo." Kwa Mswahili maana yake ni ndiyo, sikupokea. Hakimu anayefikiri kwa Kiingereza anaandika kwamba amekiri kupokea. Nimeona kesi ikisimama nusu siku kwa neno hilo moja, wakili huyu akilivuta huku na yule kule, na shahidi maskini hajui amekosa nini. Mwanasiasa si shahidi maskini. Yeye anajua. Atakujibu "ndiyo" leo, na wiki ijayo ataichagulia maana inayomfaa. Kwa hiyo usimwulize kwa kukana hata siku moja. Mwambie, "Ulipokea au hukupokea?" Hapo lazima ataje kitendo kwa kinywa chake.

Na kuna hii tabia ya kitendo kisicho na mtendaji. "Suala hilo linashughulikiwa." "Hatua zitachukuliwa." "Pesa zimetengwa." Lugha yetu inaruhusu, tena inapendeza masikioni, ndiyo maana wanaipenda. Dawa yake ni maneno mawili: "Na nani?" Uyaseme kwa upole na heshima zote, mheshimiwa, kisha unyamaze. Kimya usikiogope. Mahakamani nimeona mashahidi wengi wakisema kweli ndani ya kimya kuliko ndani ya kelele za mawakili. Wewe, nakujua tangu utotoni, mtu akisita unamsaidia neno. Nyumbani ni tabia njema. Kitini pale, acha neno alitafute mwenyewe.

Asipojibu, rudia. Tarehe 13 Mei 1997, katika Newsnight ya BBC, Jeremy Paxman alimwuliza Michael Howard, aliyekuwa waziri wa mambo ya ndani wa Uingereza, kama alimtishia mkuu wa magereza kwamba angetengua uamuzi wake. Howard akajibu jambo jingine. Paxman akauliza tena, na tena. Wanaohesabu wanasema mara 12. Baadaye Paxman mwenyewe alieleza kwamba alizidi kurudia kwa kuwa habari iliyotakiwa kufuata haikuwa tayari. Maelezo hayo yalinifurahisha sana nilipoyasoma, kwa sababu kinachokumbukwa siku ile ni uvumilivu wa mtu kushika swali lake tu. Hakutukana. Hakupandisha sauti. Watu nyumbani waliona kwa macho yao jibu halitoki, na kuona hivyo kukawa habari yenyewe.

Mambo ya taa, nguo, na nani aje kwanza, hayo ninyi wenyewe mnayajua.

Kwa wakuu wako nenda na hoja ya biashara, maana ndiyo waliyokuja nayo. Waulize hao wenye sabuni, unga na mafuta ya kupikia wanamuuzia nani, na matangazo yao yenyewe yanazungumza lugha gani. Unga anaokula bibi yako alitangaziwa kwa Kiswahili. Wakikataa kabisa, omba vipindi vinne vya majaribio, mwezi mmoja tu, kisha wahesabu watazamaji wenyewe.

Na wakikubali, nina ombi. Usikubali kiwekwe saa nne usiku. Bibi yako akishaswali Isha na kula hakawii kulala, na amesema swali lake lile la matumizi bado analo. Kiwe mara tu baada ya taarifa ya saa moja. Mimi nitaketi pale pale ubavuni mwake, na safari hii nitanyamaza.

Wako,
Mjomba