Kuhusu must have na wenzake

Uyole, Mbeya

Mpendwa Neema,

Habari za Iringa? Huku baridi ya Juni imekolea, maji ya bomba yanauma vidole.

Jedwali ulilonitumia la vitenzi visaidizi vya Kiingereza halina kosa, ila ukilikariri hivyo hivyo litakukimbia mbele ya jopo la usaili. Afadhali uchukue kitu kimoja ulichokiona, ukisemee. Juzi nikiwa kwenye daladala ya Mwanjelwa niliona gunia la viazi limepasuka kando ya barabara, viazi vimetapakaa hadi mtaroni. It must have fallen off a lorry: nina hakika lilianguka kutoka kwenye lori, maana litatoka wapi tena? It might have fallen off a lorry: hapo naotea tu. It can't have been there long: haiwezekani limekaa sana, kwa Uyole hii vingeshaokotwa vyote! Na kumbuka, ukikisia kwa kukanusha Waingereza husema can't have. Usikimbilie mustn't have.

Sasa mgeukie dereva wa hilo lori. He should have tied it properly: hakufunga vizuri, unamlaumu. He could have stopped: uwezo alikuwa nao, hakusimama. Kwa hiyo kabla hujafungua mdomo jiulize, jambo lilitokea au halikutokea? Mengine yatajipanga. Na ni have daima, hata kwa he na she. Has haina nafasi hapo.

Penye mtego mkubwa kwetu ni “ilibidi”. Ukitaka kusema ilibidi usubiri basi, ni I had to wait. I must have waited maana yake unakisia kwamba ulisubiri, kama mtu aliyepoteza kumbukumbu. Jopo litakushangaa.

Halafu nyanya za Ilula zimefika, za chini tu ndizo zilizopondeka. You needn't have sent them! Yaani umeshatuma, ila hapakuwa na haja. Ningesema you didn't need to send them, asiyejua habari zetu asingeelewa kama ulituma au hukutuma. (Lakini tuma tena, usinisikilize.)

Matamshi yasikutishe: wenyewe humeza ile have mpaka inasikika “shudav”, ndiyo maana hata kwao wapo wanaoandika should of. Wewe usiandike hivyo.

Ukijibu, niandikie sentensi tano za kitu ulichokiona pale Mashine Tatu, nami nitazisahihisha kwa kalamu nyekundu. Mama msalimie sana.

Wako,
Tumaini