Kuhusu ile sauna na moyo wako

Swahibu yangu Athman,

Asalaam aleikum. Sauti uliyonitumia nimeisikiza mara mbili, ya kwanza nikiwa kazini na ya pili usiku nimekaa barazani peke yangu, na pale uliposema dakta amekupima presha akapata 158 juu na 98 chini moyo ulinipiga paa, manake namkumbuka mzee wako. Asubuhi yuko ufuoni anapaka jahazi mafuta ya sifa, alasiri tuko makaburini. Sitaki kuyaona tena hayo.

Umeniuliza kama hii sauna, hiki chumba cha joto kali ninachokiwasha hapa hotelini kila siku, inasaidia moyo kweli ama ni starehe ya Wataliano tu, halafu ukauliza tena kwa sauti ya chini kama ukiizoea unaweza kuacha vidonge vya presha. Hilo la pili nakujibu kwanza: hapana, usiache hata siku moja. Sasa tuzungumze.

Asili ya kitu hiki si Italia, ni Ufini, nchi ya watu kama milioni 5 na nusu na sauna zao ni karibu milioni 3, yaani kwao ni kama sisi na msana, kila nyumba. Sasa huko kuna dakta anaitwa Jari Laukkanen, yeye na wenzake waliwafuata wanaume 2,315 wa upande wa mashariki, mji wa Kuopio na vijiji vyake, watu wa miaka 42 mpaka 60, wakawafuata miaka 20 hivi, kisha 2015 wakatoa matokeo. Wale waliokua wanaingia sauna mara 4 mpaka 7 kwa wiki, vifo vya ghafla vya moyo kwao vilikua chini kwa asilimia 63 ukiwalinganisha na wale wa mara moja kwa wiki. Wa mara 2 au 3, chini kwa asilimia 22. Na muda pia ulikua na maana, aliyekaa zaidi ya dakika 19 alikua na nafuu kuliko aliyetoka kabla ya dakika 11. Ghafla, Athman, kama mzee. Ndo manake nimekuandikia barua ndefu badala ya kukujibu kwa sauti.

Lakini nikwambie na upande wa pili ili usije ukasema nimekuficha. Utafiti huo ni wa kuwatazama watu wanavyoishi, si wa kuwagawa makundi na kuwapa sauna kama dawa, kwa hivo pengine anayeingia kila siku ni mtu ana afya tangu mwanzo na ana nafasi ya kupumzika. Walihesabu sigara, pombe, uzito, presha na mazoezi na bado tofauti ikabaki, mimi naona hiyo ni nzito, ila si hakikisho. Na kuna nyengine walitoa 2017, walioingia mara 4 mpaka 7 kupata presha kwao kulikua chini kwa karibu nusu, lakini wale walianza bila presha. Yako ishapanda.

Kazi yenyewe inavyokwenda mimi naiona kila siku. Chumba ni cha mbao kitupu, jiko la umeme pembeni lina mawe juu, napasha mpaka digrii 80 kisha namwaga kata moja ya maji juu ya mawe, yanalia tsss, na joto linakupanda masikioni kabla hujavuta pumzi. Damu inakimbilia ngozini ili mwili upoe, mishipa inatanuka, moyo unaongeza mbio mpaka 100 kwa dakika na wengine zaidi, kama mtu anayetembea kwa haraka toka Shela mpaka mjini ilhali wewe umekaa tu. Ukitoka, mishipa bado imelegea na presha inashuka kwa muda.

Utanambia Lamu joto lipo, kaskazi ikishika mtu anavuja jasho kwa kukaa. Ni kweli, lakini hilo ni 32 na lina unyevu, na tumezaliwa nalo, mwili hausumbuki nalo sana, huku ni 80 tena kavu na ni dakika chache, joto la ndani ya mwili linapanda karibu digrii nzima. Wala si kama kujifukiza mwarobaini chini ya shuka, ule ni mvuke wa kichwa na kifua.

Sasa sikiza vizuri. Vidonge vyako kimoja ulisema kinakupeleka chooni usiku kucha, hicho kinatoa maji mwilini na sauna nayo inatoa maji, vikikutana unaweza kuanguka. Nilishamuona mgeni, mzee mnene mwekundu, aliinuka kwa pupa toka benchi ya juu akanilegea mikononi kama kitambaa, nikamlaza chini nikamuinua miguu, dakika mbili tatu akafungua macho. Tangu siku ile kila mtu namwambia kaa kwanza, teremsha miguu, ndo uinuke. Na ukitoka usijirushe maji ya barafu kama wanavyofanya vijana, moyo wenye tatizo hautaki mshtuko huo. Ukiwa umefunga usiingie kabisa. Na yale maumivu ya kifua uliyoyataja juujuu tu, ukipanda ngazi za nyumbani, hilo mwambie dakta kabla ya kitu chochote, kwa sababu mwenye maumivu ya kifua yasiyotulia haruhusiwi sauna.

Dakta akikubali, njoo. Vuka Mokowe upande basi la asubuhi, utalala kwangu. Meneja ameniruhusu jioni wageni wakishatoka, tutaanza benchi ya chini, dakika 5 tu, bila maji kwenye mawe, nami nakaa na wewe. Leta lile daftari la presha na vidonge vyako vyote kwenye pakti zake nivione, na yule ng'onda uliyoahidi kuniletea muache huko huko, chumvi ile sisi wawili hatuiwezi tena.

Wako,
Bakari, Malindi