Jumamosi: safari ya kuvumwani, Cairngorms

Hamjambo wapendwa! Jumamosi ndo ile safari ya milima ya Cairngorms, tunaenda kuitafuta Buxbaumia viridis, kuvumwani (moss, kimea kidogo kisicho na maua) adimu sana huku Scotland, inaota kwenye magogo yaliyooza na kinachoonekana ni kikonyo tu chenye kichwa cha kijani, hata sentimita mbili hakifiki, kwa hiyo migongo ijiandae 😅

1. Tukutane stesheni ya Aviemore saa 4 asubuhi, basi halisubiri mtu
2. Mchango pauni 10, mwisho Alhamisi usiku, tumeni kwa mweka hazina
3. Buti, koti la mvua, chai yako. Mwenye lensi ya kukuzia aje nayo plizi

Kung'oa hapana, hata kugeuza gogo msigeuze, inalindwa kisheria. Watoto ruksa.

Nani anakuja? Andikeni jina hapa leo leo nijue idadi.